Kufunika Si Kuziba

Neno lililonivunja mgongo nililitamka mwenyewe, asubuhi, nikiwa nimesimama imara kwa miguu yangu miwili. Nilisema, "Lifunikeni." Namshukuru Mungu kwamba leo naandika habari hii nikiwa nimeketi kwenye kiti cha kawaida, na kwamba nikimaliza nitainuka niende uani bila kumwita mtu. Naiandika kwa ajili yako wewe uliyelala chali ukihesabu mbao za dari, na kwa ajili ya mkeo anayesubiri kwenye benchi huko nje. Naiandika pia kwa mafundi wenzangu ambao bado mnatembea juu ya sakafu mkidhani sakafu ni kitu cha kuaminika.

Nilikuwa msimamizi wa mafundi seremala katika ofisi moja ya umma hapa Dodoma. Miaka hiyo maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu tulivyokuwa tumevisahau, na maofisini lilikuwa limeingia neno la kuogopesha: kupunguzwa. Ilisemekana orodha inatengenezwa, lakini hakuna aliyeiona. Kila mtu alifanya kazi huku akitega sikio mlangoni.

Jengo letu lilikuwa la zamani, la ghorofa moja, na sakafu ya juu ilikuwa ya mbao. Bomba lilivuja kwa miezi mingi ndani ya ukuta mpaka mbao za korido zikaoza. Tukazing'oa. Tukaacha shimo ambalo kitanda cha mtoto kingepita bila kugusa kingo. Chini yake kulikuwa na stoo yenye mabomba chakavu. Mbao mpya zilikuwa hazijafika, na kwa siku mbili shimo lilikaa wazi. Katika siku hizo mbili hakuanguka mtu, kwa sababu kila mtu aliliona. Kulikuwa na karani mmoja aliyekuwa akilizunguka ameshika sketi yake kama anavuka mto.

Siku ya tatu tukaambiwa wageni wanakuja kukagua. Nikaona aibu. Kwetu mgeni akija, mwenye nyumba hutandika mkeka hata juu ya ufa, na mgeni huketi hapo asijue. Nikamwita Chilewa, fundi mwenzangu, mtu wa makamo, mzaliwa wa Makutupora, ambaye tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka mingi.

"Chilewa, wageni wanakuja. Shimo lile lifunikeni."

"Kwa kitu gani, mzee? Mbao hazijaja."

"Kwa chochote. Lisionekane tu."

Akacheka. "Haya. Lisionekane."

Nikaenda karakana kutafuta misumari. Niliporudi, korido ilikuwa imefagiliwa, imenyooka, imependeza. Walikuwa wamechukua kipande cha silingibodi, ile bodi nyepesi ya dari inayovunjika hata kwa goti, wakakilaza juu ya shimo, kisha wakatandaza zulia la zamani. Nililitafuta shimo kwa macho nikalikosa, na nikafurahi kulikosa. Nikasema moyoni, Chilewa ni fundi.

"Mmelifunika?" nikauliza.

"Tumelifunika, mzee," akajibu kutoka mwisho wa korido.

Wageni wakapanda ngazi. Aliyetangulia alikuwa kijana kuliko mimi, amevaa suti ya kaunda, na aliponiona mvi akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee."

Korido ilikuwa nyembamba. Nikasogea pembeni kumpisha, nikanyoosha mkono. "Marahaba. Karibu sana, pita."

Mguu wangu wa kulia haukupata kitu.

Sikusikia maumivu. Nilisikia mlio kama wa kibuyu kikavu kinachopasuka, kisha vumbi, kisha nikaona juu yangu mstatili wa mwanga na vichwa vimeinama kuuzunguka. Nilitaka kuinuka upesi, maana niliona si adabu kulala mbele ya wageni. Nikaivuta miguu. Haikuja. Nikaitazama: ilikuwa pale, na viatu vyangu nilivyovipaka rangi asubuhi, lakini ilikuwa kama miguu ya mtu mwingine aliyelala karibu nami.

Tangu hapo nilikuwa na swali moja tu, na nililala nalo na kuamka nalo miezi tisa: je, nitasimama tena?

Mtu mmoja alinishika makwapani aniinue. Nikasikia sauti nyingine, kavu, ikitoka nyuma ya vumbi: "Msimkunje. Mwacheni alivyo. Leteni mlango." Wakaubandua mlango wa stoo kwenye bawaba zake, wakanitelezesha juu yake taratibu, na watu wanne wakanibeba hadi kwenye gari. Masikio yalikuwa yakinivuma, sikujua ile sauti ilikuwa ya nani.

Hospitali tulikaa kwenye korido, mimi na mlango wangu, tangu saa nne hadi alasiri. Filamu za eksirei zilikuwa zimekwisha, ikasemwa zitaletwa. Muuguzi aliyepita alisoma namba iliyopigwa kwa rangi ubavuni. "Mlango huu ni wa serikali," akasema. "Nani atausaini?" Wagonjwa kwenye benchi wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, na hapo ndipo maumivu yaliponikuta, kiunoni, kama yalikuwa yakinisubiri nicheke.

Mke wangu Debora alifika kutoka Ihumwa, vumbi la njia likiwa bado miguuni.

"Baba Neema, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Sogeza vidole vya miguu."

Nikakaza uso, nikavisogeza. "Nimesogeza," nikasema.

Akatazama vidole vyangu kwa muda. Kisha akavuta shuka, akavifunika. "Vizuri," akasema. Miezi mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba havikutikisika hata kimoja.

Daktari alisema paja limevunjika, na pingili za mgongo zimepata shida. Nilimuuliza swali langu. Akajibu, "Tusubiri, mzee." Ndugu yangu unayesoma, utalisikia neno hili mara nyingi, na litakuchosha kuliko sindano. Waliufunga mguu kamba iliyopita juu ya gurudumu dogo, na mwisho wa kamba wakaning'iniza mfuko wa mchanga. Kila asubuhi daktari alinichoma nyayo kwa pini. "Unahisi?" Nilitaka sana kusema ndiyo. Nilikuwa nimefundisha watoto wa kanisa miaka mingi wasiseme uongo, na hapo nilikuta kwamba hofu inaweza kukuwekea uongo mdomoni ukiwa na kila nia njema. Nikasema, "Sihisi." Naye akaandika.

Kitanda cha pili alilala Sospeter, kibarua wa mashamba ya zabibu, aliyeanguka kutoka kwenye tela na kuvunja muundi. Mdomo wake haukuvunjika.

"Mzee wa kanisa," aliniambia nilipomaliza kumsimulia, "wewe ulianguka ukisema karibu. Siku nyingine sema kwaheri kwanza."

Siku nyingine alisema, "Nimesikia kanisani habari ya mgonjwa aliyeshushwa kupitia dari na rafiki zake wanne, akaponywa. Wewe umeshuka peke yako, tena mzima, ndiyo umekuja kuugua."

"Ulikuwa unasikiliza kanisani?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nimekaa nyuma. Usingizi ulikuwa haujanikuta."

Usiwadharau watu wa aina hii wodini. Mchungaji alikuja kila wiki akaomba nami na nikafarijika, lakini kati ya wiki na wiki Mungu alinitunza kwa mdomo wa Sospeter.

Mwili ulibadilika haraka. Mapaja niliyopandia ngazi maisha yangu yote yakawa kama fito. Mpira wa mkojo ukawa mwenzangu. Kidonda kikafunguka chini ya kiuno, mahali nisipopaona, nikawa nakijua kwa harufu na kwa nyuso za wanaokiosha. Zamu ya muuguzi ilipozidiwa, binti yangu Neema ndiye aliyeniosha. Aliacha mafunzo yake ya ushonaji ili akae nami. Fikiria, mtoto uliyemwogesha kwenye karai, leo anakugeuza kama gunia. Siku ya kwanza nilifumba macho kwa aibu. Neema akageuza uso dirishani, mikono yake ikiendelea na kazi, akaanza kunisimulia treni ya mizigo iliyopita Ihumwa: mabehewa mangapi, yamebeba nini, nani alichelewa kuvuka reli na mbuzi wake. Kila alipoosha mahali pa aibu alikuwa na treni ya kusimulia. Wakati mwingine nilijua hakuna treni iliyopita. Nilimwacha aendelee.

Mvua zikaanza. Watu wakapanda uwele, na shamba letu likabaki na mabua ya mwaka uliopita. Debora alilima asubuhi, akaja hospitali mchana na uji, akarudi. Alikonda. Hasira yake haikupata pa kutua mpaka ikatua kwa Chilewa.

"Mwenzako aliyefunika shimo hajaja hata kukusalimia," alisema akinilisha.

"Labda anaona aibu."

"Aone aibu akiwa hapa."

Nikameza uji, kwa kuwa nilikuwa na jambo langu. Wiki ya pili ya kulazwa kwangu alikuwa amekuja ofisa na fomu ya ajali. Akasoma maswali, nami nikajibu, naye akaandika. "Nani alifunika shimo?" Nikasema, "Chilewa." Ilikuwa kweli. Hakuuliza nani aliagiza, na mimi sikumwambia. Nilikuwa mtu asiyehisi nyayo zake, lakini niliogopa orodha ya kupunguzwa. Niliogopa kwamba nikiponywa nitakuta kiti changu hakipo. Ofisa akafunga faili, akanitakia nafuu.

Tangu siku hiyo sala zangu zilifika mahali zikakwama. Nilianza vizuri, nikashukuru, nikaombea nyumba yangu, na nilipofika kwenye miguu niliona ile fomu. Nikawa nawaza kwamba huenda miguu imezuiliwa kwa sababu yake. Mchungaji wangu alinisahihisha baadaye; alisema Mungu hashikilii miguu ya mtu rehani. Lakini ukiwa umelala chali unawaza vitu vya namna hiyo. Nakuambia ili ukiviwaza usijione umepotea peke yako.

Uwele wa watu ulikuwa umefika magotini wakati Sospeter, aliyekuwa akijifunza magongo, aliposimama ghafla miguuni pa kitanda changu.

"Mzee," akasema polepole, "kidole chako kinapiga hodi."

Nikadhani ni mzaha. Akaita muuguzi. Muuguzi akaita daktari. Nikaambiwa nisogeze, nikasogeza, na safari hii hakuna aliyevuta shuka. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kikiinama na kuinuka, kidogo sana, kama kichwa cha mtu anayesinzia. Nililia mbele ya wodi nzima. Sospeter akageuka ukutani akijifanya anakagua gongo lake.

Daktari akasema neno ambalo sikulitegemea. "Mshukuru aliyekuleta juu ya ule mlango. Wangekuinua kwa makwapa, leo tungekuwa tunazungumza mengine."

Mchana Debora alipokuja nilimuuliza, "Nani alisema uletwe mlango?"

Ilikuwa majira ya zabibu za mwanzo wa mwaka, alikuwa ameniletea kishada. Akaendelea kuchambua, moja moja, akiweka zilizopasuka pembeni. Nikarudia swali.

"Chilewa," akasema.

"Ulijua?"

"Tangu siku ile. Aliubandua kwa nyundo na mikono yake, akashika upande wa kichwa." Akachambua nyingine. "Na alikuja hapa. Mara tatu. Mimi ndiye niliyemrudisha getini."

"Mama Neema, kwa nini?"

"Nilihitaji mtu wa kumkasirikia, Baba Neema. Kukukasirikia wewe nilishindwa, ulikuwa umelala." Akanipa zabibu. "Sasa mwite ukitaka, ila humpati. Orodha imetoka. Yumo. Amerudi kwao."

Sikuweza kumlaumu. Alikuwa amefunika, na mimi nilikuwa nimefunika kabla yake. Nikamweleza habari ya fomu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Basi ponya hiyo miguu upesi. Ina mahali pa kwenda."

Walinifungua kamba. Nikajifunza kukaa, na chumba kikazunguka. Nikajifunza kusimama kati ya vyuma viwili, nikihesabu hadi kumi, kisha ishirini, kisha urefu wa sala fupi. Uwele ulipoanza kukomaa nilirudi nyumbani na magongo. Nilidhani hofu ingebaki hospitali. Ilinifuata. Sakafu yetu ya udongo, niliyoipiga mwenyewe miaka ya ujana, sikuiamini. Saruji ya kanisa sikuiamini. Nilisimama mlangoni jasho likinitoka, watu wakisema, "Pita, mzee, pita," na kila nilipolisikia neno hilo niliiona tena ile korido. Nikajipatia desturi: kugonga kwa gongo kwanza, kusikiliza, ndipo nikanyage. Watoto walinicheka. Kama nawe unayo hofu hii, gonga, usione haya. Seremala hagongi mbao kwa sababu ni mwoga. Anagonga ili imwambie ilivyo ndani.

Safari yangu ya kwanza ya mbali haikuwa ya shukrani kanisani. Nilikwenda ofisini. Nikamwambia karani nataka kuongeza neno kwenye fomu yangu.

"Mzee, faili limeshafungwa."

"Lifungue."

"Utaandika nini? Umeshapona."

"Andika: msimamizi aliagiza shimo lifunikwe lisionekane. Kisha jina langu."

Aliniangalia sana, akaandika, nikasaini. Haikumrudisha Chilewa kazini. Orodha ilikuwa imepita. Mimi nilistaafishwa kabla ya mwaka kwisha, na sikunung'unika. Nilipotoka nilisimama mwanzo wa ile korido. Mbao mpya zilikuwa zimepigiliwa, na katikati ya korido ulionekana mstari wao mweupe ambao zulia halikuuficha. Usiku huo nilisali bila kukwama.

Ndipo nikaanza kuhesabu siku kuelekea mavuno ya pili ya zabibu, ya wakati wa kiangazi, maana Sospeter alikuwa amerudi shambani Makutupora na aliahidi kunionyesha nyumba ya kina Chilewa. Nilikwenda na fimbo moja. Kutoka barabarani ni mwendo ambao zamani ningeumaliza nikiwa bado nafikiria jambo jingine. Siku hiyo nilipumzika mara nne. Sospeter, naye akichechemea, alisema wakituona watu watadhani mashamba yanavunja miguu.

"Akinifukuza?" nikamuuliza.

"Utarudi kwa miguu yako. Si ndiyo ulikuwa unaitaka?"

Mama yake Chilewa alikuwa akipepeta uani. "Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo, nasi tukaitikia. Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba.

Chilewa alikuwa akichimba shimo la choo. Alitoka ndani yake na udongo mabegani, akaniona, akasimama. Alitazama miguu yangu kabla ya uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Chilewa."

 Sospeter alitutazama mmoja mmoja. Akamfuata mama kuomba maji.

"Umekuja kwa miguu," akasema Chilewa.

"Nimekuja kwa hii uliyoniachia. Nimeambiwa habari ya mlango." Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, na yote yakanipotea isipokuwa machache. "Neno lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyesema lifunikwe lisionekane. Kwenye fomu nikataja jina lako na langu nikalificha. Nimeshalirekebisha, lakini nilichelewa. Nisamehe."

Akasugua udongo kwenye viganja. "Na mimi ni fundi, mzee. Ningekuuliza, nifunike au nizibe? Kufunika ni kwa macho, kuziba ni kwa mguu. Nilijua tofauti. Nikaogopa wageni kama wewe." Akatikisa kichwa. "Silingibodi. Mimi, Chilewa. Kila siku naisikia ikipasuka."

"Basi tumeisikia wawili."

Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka lile shimo lake, na hapo ndipo nilipolitazama vizuri. Alikuwa amelizungushia matawi ya miiba, kama wafugaji wa kwetu wanavyozungushia zizi, yakanifika kiunoni, mazito, hata mbuzi asingepenya. Juu ya tawi refu alikuwa amefunga kitambaa chekundu.

"Hili hujalifunika," nikasema.

"Sifuniki tena shimo, mzee. Naliacha lionekane, nalizungushia. Likiwa tayari nitaliziba kwa magogo, nitayafunga yasihame, ndipo mtu apite." Akaelekeza mkono upande wa nyumba, kwenye kinjia chembamba kati ya ukuta na miiba. "Mama ametenga kiti. Pita huku."

Lile neno. Jasho likanishuka mgongoni palepale palipovunjika. Nikanyoosha fimbo nikagonga udongo. Ulijibu vizuri, lakini sikuweza kuinua mguu.

Chilewa hakunihimiza wala hakunishika mkono. Alinitazama kidogo, akaelewa. Akatangulia kwenye kile kinjia, akasimama katikati yake, akakanyaga kwa nguvu mguu wa kulia, kisha wa kushoto, vumbi likainuka.

"Panabeba," akasema, akasogea mbele kunipisha.

Nikapita.